Spokes Mashiyane

Johannes "Spokes" Mashiyane (1933 – 1972) alikuwa mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyejulikana hasa kwa kupuliza filimbi ya bati katika mtindo wa muziki unaoitwa kwela. Alianza akiwa mtumishi wa nyumbani mjini Johannesburg, bila mwalimu na bila chuo cha muziki. Santuri yake ya mwaka 1954 iliuzwa sana, na kuanzia hapo kampuni za kurekodi nchini humo zikaanza kuwatafuta vijana wa filimbi waliokuwa wakipiga mitaani. Baadaye aligeukia saksafoni, na hatua hiyo nayo ilibadilisha mwelekeo wa muziki wa mijini wa Afrika Kusini. Anakumbukwa pia kwa kuwa miongoni mwa wanamuziki Waafrika wa kwanza nchini humo kupata mkataba wa mrabaha, yaani kulipwa kulingana na idadi ya santuri zilizouzwa badala ya kupewa malipo ya mara moja tu.

Maisha ya awali

Mashiyane alizaliwa mwaka 1933 huko Vlakfontein, karibu na Pretoria, katika jimbo lililoitwa Transvaal wakati ule. Kama wavulana wengi wa mashambani, alichunga mifugo, na akiwa machungani alipuliza filimbi ya tete. Filimbi za aina hiyo zilikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya wachungaji katika eneo lile. Mtoto alikata tete mwenyewe, akaitoboa na kujifunza kwa kusikiliza wenzake.

Alipokuwa kijana mdogo sheria za nchi zilibadilika. Mwaka 1948 Chama cha National kilishinda uchaguzi na kuanza kutekeleza siasa ya apartheid, yaani ubaguzi wa rangi uliopangwa kisheria. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliweka utaratibu wa kugawa miji kufuatana na rangi za watu. Mwafrika aliyetaka kukaa na kufanya kazi mjini alilazimika kutembea na pasi, na asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa wakati wowote. Hata hivyo vijana waliendelea kwenda mijini kwa sababu kazi za mshahara zilikuwa huko.

Mashiyane alikuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Johannesburg, akafanya kazi ya utumishi wa nyumbani katika vitongoji vya Wazungu. Mshahara wa kazi hiyo ulikuwa mdogo na muda wa mapumziko ulikuwa mfupi. Gitaa lilikuwa ghali kwa kijana wa hali yake, na saksafoni au piano hazikufikirika. Filimbi ya bati ndiyo ala iliyoendana na mfuko wake, naye akanunua moja.

Filimbi ya bati

Filimbi ya bati ni bomba jembamba la chuma lenye matundu sita ya vidole upande wa mbele. Upande wa juu una kipulizio, ambacho ndani yake mna kizibo kinachoacha mwanya mwembamba wa kupitisha pumzi. Pumzi ikipita humo hugonga ukingo mkali wa dirisha dogo lililo chini ya kipulizio, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka na kutoa sauti. Bomba likiwa refu sauti huwa nzito, na likiwa fupi sauti huwa nyembamba. Kufungua tundu ni sawa na kulifupisha bomba.

Filimbi za kiwandani za aina hii zilianzia Uingereza. Mwaka 1843 Robert Clarke, kibarua wa shamba kutoka kijiji cha Coney Weston katika wilaya ya Suffolk, alianza kuzitengeneza kwa bati na kuziuza kwa bei ndogo. Kwa sababu ya urahisi wa bei ziliitwa filimbi za peni. Zilienea Uingereza na Ireland, kisha zikachukuliwa na askari, mabaharia na wafanyabiashara hadi sehemu nyingine za dunia. Huko Afrika Kusini, mapema katika karne ya 20, vijana wa mitaa ya Waafrika waliziona bendi za askari wa Kiskoti zilizopiga zumari na ngoma. Wakaunda vikundi vyao vya kuandamana kwa filimbi na ngoma, vilivyojulikana kwa jina la MaScotch. Kwa hiyo wakati wa Mashiyane filimbi haikuwa kitu kigeni mjini Johannesburg. Ilionekana kama kitu cha kuchezea watoto wa mitaani. Katika miaka ya 1950 filimbi zilizopendwa zaidi nchini humo zilikuwa za chuma, zilizotengenezwa na kampuni ya Hohner ya Ujerumani.

Kwa anayeanza, ala hii ina faida kubwa: sauti za ngazi ya kawaida hufuatana kwa mpangilio ulio wazi. Vidole vitatu vya mkono mmoja hufunika matundu matatu ya juu, na vidole vitatu vya mkono mwingine hufunika matatu ya chini. Matundu yote yakifunikwa hutoka do. Kidole cha mwisho chini kikiinuliwa hutoka re, na kuendelea hivyo kidole kimoja kimoja kwenda juu hutoka mi, fa, so, la na ti. Ili kupata do ya juu, mpigaji hufunika tena matundu yote na kupuliza kwa nguvu zaidi kidogo. Sauti huruka hadi oktava ya pili, na vidole hufuata mpangilio uleule. Kwa njia hii mtu anaweza kupata oktava mbili kwa matundu sita tu.

Ugumu wake uko katika mambo mawili. La kwanza ni pumzi. Anayeanza hupuliza kwa nguvu mno, na filimbi hulia kwa ukali badala ya kuimba. Sauti za chini zinahitaji pumzi tulivu, na za juu zinahitaji pumzi ya kasi lakini iliyodhibitiwa. La pili ni vidole. Tundu lisipofunikwa vizuri kwa nyama ya kidole, hewa huvuja na sauti hupotea au hukwaruza. Mwenye kujifunza hana budi kurudia ngazi ileile polepole mpaka vidole vyote vikae mahali pake bila kuviangalia. Sauti za katikati, zisizo katika ngazi ya kawaida, hupatikana kwa kufunika nusu ya tundu au kwa kufunika matundu kwa kuruka, na hizo huja baadaye.

Mtindo wa kupuliza wa Afrika Kusini

Wapigaji wa Johannesburg hawakuridhika na sauti laini ya kawaida ya filimbi. Walikuwa wakisikiliza santuri za jazz za Marekani na muziki wa marabi wa nyumbani, wakataka filimbi iweze kulia na kuteleza kama saksafoni na klarineti. Jambo lililowasaidia ni namna mpya ya kuishika. Badala ya kuiweka katikati ya midomo, waliingiza kipulizio pembeni mwa mdomo, karibu na shavu, na kuizungusha filimbi kidogo. Sauti ilikuwa nene na yenye nguvu zaidi, na mpigaji aliweza kuipinda kwa kubadilisha mkao wa mdomo. Pia walijifunza kuinua kidole taratibu badala ya ghafla, ili sauti ipande kwa kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine.

Namna hiyo ya kushika filimbi inahusishwa na Willard Cele, kijana wa mtaa wa Alexandra. Cele alionekana katika filamu ya *The Magic Garden* ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Donald Swanson na kupigwa katika mtaa huohuo. Filamu ilionyeshwa hadi nje ya Afrika Kusini, na vijana wengi walioiona walitaka kupuliza kama yeye. Cele alirekodi nyimbo chache tu kisha akafariki akiwa bado kijana. Njia aliyoifungua ilipitiwa na wengine, na aliyefika mbali zaidi ni Mashiyane.

Kupiga muziki mitaani

Mashiyane alipiga filimbi katika saa zake za mapumziko, akisindikizwa na mpiga gitaa mwenzake. Kikundi cha kawaida cha wakati ule kilikuwa na filimbi moja au zaidi, gitaa, na mara nyingine besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, mti na kamba moja. Gitaa lilizunguka katika kodi tatu au nne zilezile bila kukoma. Juu ya mzunguko huo mpuliza filimbi alipiga kipande kifupi, akakirudia, akakibadilisha kidogo, kisha akaingiza kipande kingine. Wasikilizaji hawakukaa kimya. Walicheza, na mpigaji aliangalia miguu yao na kurefusha kile walichokipenda.

Mahali palipojulikana sana kwa muziki huo ni bustani ya Zoo Lake mjini Johannesburg. Eneo hilo lilitolewa kwa jiji mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sharti kwamba litumiwe na watu wa rangi zote. Kwa sababu ya sharti hilo, Waafrika waliweza kukusanyika hapo hata katika miaka ya apartheid, jambo ambalo halikuwezekana katika bustani nyingine nyingi. Watumishi wa nyumbani waliofanya kazi katika vitongoji vya jirani walikwenda hapo siku yao ya mapumziko, nao wapuliza filimbi walikwenda kuwapigia. Vijana wa Kizungu pia walisimama kusikiliza, na baadhi yao walicheza.

Mitaani kwenyewe hali ilikuwa ngumu zaidi. Wapuliza filimbi, wengi wao wakiwa wavulana, walipiga kwenye pembe za barabara za katikati ya jiji ili wapate sarafu. Polisi waliwafukuza au kuwakamata, ama kwa kukosa pasi ama kwa kukusanya watu barabarani. Jina la kwela lenyewe linahusishwa na mazingira hayo. Neno la Kizulu *khwela* lina maana ya kupanda, na ni ndugu wa neno la Kiswahili *kwea*. Lilitumika kumwita mtu aingie uwanjani kucheza. Vilevile magari ya polisi ya kuwabebea waliokamatwa yaliitwa *khwela-khwela*, kwa kuwa polisi waliwaamuru watu wapande. Watu wa mitaa ya Johannesburg walizijua maana zote mbili.

Santuri ya kwanza

Kampuni ya santuri ya Trutone ilimwajiri Strike Vilakazi kuwa msaka vipaji wake wa muziki wa Waafrika. Vilakazi mwenyewe alikuwa mwimbaji, mpiga tarumbeta na mtunzi. Ndiye aliyetunga wimbo *Meadowlands*, uliohusu kuhamishwa kwa nguvu kwa wakazi wa Sophiatown, kazi iliyoanza Februari 1955. Vilakazi alimsikia Mashiyane na kumpeleka studio.

Mwaka 1954 ilitoka santuri yenye *Ace Blues* upande mmoja na *Kwela Spokes* upande wa pili. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu za muziki. Mpigaji alipaswa kubana katika dakika hizo kile ambacho mtaani angekipiga kwa nusu saa. Mashiyane alilimudu jambo hilo. Kipande chake kikuu kilikamatika mara ya kwanza tu kusikika, na mabadiliko yake yalikuja kabla msikilizaji hajachoka. Santuri hiyo ikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika soko la Waafrika mwaka huo.

Matokeo yake yalionekana haraka. Kampuni zilizokuwa zimeidharau filimbi ya bati zilituma wasaka vipaji mitaani. Wavulana waliokuwa wakifukuzwa barabarani waliitwa studio. Miongoni mwa waliopata jina katika miaka iliyofuata ni Lemmy "Special" Mabaso, ambaye baadaye alishiriki katika mchezo wa muziki wa *King Kong* ulioanza mwaka 1959 na kupelekwa London mwaka 1961. Ndugu wawili wa familia ya Lerole, Elias na Jack, walirekodi *Tom Hark* wakiwa na kikundi cha Elias and His Zig-Zag Jive Flutes. Santuri hiyo inaanza kwa igizo fupi la vijana wanaocheza kamari barabarani, wanaoificha na kushika filimbi mara gari la polisi linapokaribia. Mwaka 1958 ilitumiwa katika kipindi cha televisheni nchini Uingereza na kufika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi huko.

Suala la malipo

Mafanikio hayo hayakuwatajirisha wapigaji. Utaratibu wa kawaida wa kampuni ulikuwa kumlipa mwanamuziki wa Kiafrika kiasi maalumu kwa kila rekodi aliyoifanya. Akishapokea fedha hizo, hakuwa na dai lingine. Santuri ikiuzwa mia moja au laki moja, kwake ilikuwa sawa. Mara nyingi haki ya utunzi nayo iliandikwa kwa jina la mtu mwingine. *Tom Hark* kwa mfano, imesajiliwa kwa jina la Rupert Bopape, msimamizi wa kurekodi, na si kwa majina ya vijana walioipuliza.

Utaratibu huo ulidumu kwa sababu kadhaa. Wapigaji wengi walikuwa vijana wadogo, baadhi yao hawakuweza kusoma mkataba, na walihitaji fedha siku ileile. Mtunzi wa kwela hakuwa na karatasi ya noti ya kuonyesha kuwa kipande ni chake, kwa kuwa kilizaliwa barabarani na kukaa kichwani. Tena mpigaji aliyekataa masharti aliweza kubadilishwa, kwani mitaa ilijaa wavulana wenye filimbi.

Mashiyane alikuwa katika nafasi tofauti kidogo, kwa sababu jina lake lenyewe liliuza santuri. Wanunuzi dukani hawakuomba kwela yoyote, waliomba ya Spokes. Mwaka 1958 kampuni ya Gallo, mshindani mkubwa wa Trutone, ilimvuta aje kwake, na katika makubaliano hayo alipata mkataba wa mrabaha. Inaelezwa kuwa hakuna mwanamuziki Mwafrika wa Afrika Kusini aliyekuwa amepata mkataba wa namna hiyo kabla yake, au kama walikuwapo walikuwa wachache sana. Mkataba huo haukubadilisha hali ya wapuliza filimbi wote, na wengi waliendelea kulipwa kwa utaratibu wa zamani kwa miaka mingi. Lakini ulionyesha kwamba madai hayo yanawezekana, na kwamba kampuni iliweza kuyakubali pale ilipomhitaji mtu kwa dhati.

Mwaka huohuo wa 1958 ilitoka sahani ndefu ya nyimbo zake iliyoitwa *King Kwela*. Sahani ndefu ilikuwa ghali kuliko santuri za kawaida, na wanunuzi wake wengi walikuwa Wazungu. Kutolewa kwake kunaonyesha kuwa muziki wa Mashiyane ulikuwa umevuka mpaka wa soko la Waafrika. Pia mwaka huo alirekodi pamoja na mpiga piano wa jazz wa Marekani, Claude Williamson, aliyekuwa ziarani Afrika Kusini. Kwa sheria na desturi za nchi wakati ule, Mzungu na Mwafrika kupiga muziki pamoja kama wenzi halikuwa jambo la kawaida.

Kugeukia saksafoni

Wakati kwela ikiwa kwenye kilele chake, Mashiyane alirekodi *Big Joe Special* mwaka 1958 akitumia saksafoni. Mabadiliko hayo hayakuwa magumu kwake kama inavyoweza kudhaniwa. Saksafoni nayo hutegemea hasa vidole vitatu vya kila mkono, vinavyoinuliwa kwa kufuatana kutoka chini kwenda juu, na oktava ya pili hufuata mpangilio unaofanana. Aliyezoea filimbi ya bati ana msingi wa vidole tayari. Kilichobaki ni kujifunza kuuma kipulizio chenye utete na kuzoea vibonyezo vya chuma. Kwa njia hiyo filimbi ya bei ndogo ilikuwa shule ya maandalizi kwa wapiga saksafoni wengi wa Afrika Kusini.

*Big Joe Special* ilipendwa sana, na wanamuziki walifuata mkondo kama walivyofanya mwaka 1954. Mtindo mpya ulichukua mizunguko mifupi ya kwela na kuipa sauti nzito ya saksafoni, na baada ya muda gitaa la umeme na besi ya umeme vikaongezwa. Hiyo ni mojawapo ya njia zilizoelekea kwenye muziki wa mbaqanga wa miaka ya 1960. Wapigaji wengi wa filimbi wa kizazi kile walihamia huko. West Nkosi, aliyeanza na filimbi akiwa kijana, alikuja kuwa mpiga saksafoni wa Makgona Tsohle Band na baadaye mtayarishaji mashuhuri.

Hivyo Mashiyane, ambaye santuri yake ya 1954 iliifanya filimbi ipendwe na kampuni za kurekodi, alichangia pia kuiondoa sokoni. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 santuri za filimbi zilipungua upesi. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960, ambapo polisi waliua watu 69, serikali ilitangaza hali ya hatari na kubana zaidi mikusanyiko na mwendo wa Waafrika mijini. Kupiga muziki barabarani kukawa kugumu zaidi. Wakazi wa mitaa ya karibu na jiji walikuwa wakihamishwa kwenda mbali, na wasikilizaji waliokuwa wakisimama kwenye pembe za barabara walitawanyika.

Newport na miaka ya mwisho

Mwaka 1965 Mashiyane alisafiri kwenda Marekani na kupiga katika Tamasha la Muziki wa Asili la Newport, jimbo la Rhode Island. Tamasha la mwaka huo linakumbukwa zaidi kwa sababu ya mwimbaji Bob Dylan, aliyepanda jukwaani na gitaa la umeme na kuzua mabishano makubwa. Kwa Mashiyane ilikuwa nafasi ya kupuliza filimbi mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kusikia kwela. Wakati huo nyumbani filimbi ilikuwa imepitwa na wakati sokoni. Nchi za nje ndiko ilikoanza kuthaminiwa kama ala ya sanaa.

Alirudi Afrika Kusini. Alifariki mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 39. Hakuishi kuona mwisho wa apartheid wala kurudi kwa filimbi ya bati katika muziki wa nchi yake.

Urithi

Mtindo wa kwela ulivuka mipaka ya Afrika Kusini mapema. Wafanyakazi wahamiaji kutoka Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) na Nyasaland (Malawi ya leo) waliokwenda kufanya kazi kusini walirudi na santuri na filimbi, na vijana wa kwao walijifunza kwa kuiga. Ndugu wawili wa Malawi, Daniel na Donald Kachamba, waliijua kwela walipokuwa Rhodesia wakiwa watoto, wakairudisha nyumbani katika miaka ya 1960. Donald Kachamba (1953 – 2001) aliendelea kupuliza filimbi kwa mtindo huo kwa miongo kadhaa, na kuutembeza katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya.

Nchini Afrika Kusini filimbi ilisikika tena katika miaka ya 1980. Jack Lerole, mmoja wa vijana wa *Tom Hark*, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo wa bendi ya Mango Groove. Mwaka 1986 Mwafrika Kusini Morris Goldberg alipuliza filimbi katika wimbo *You Can Call Me Al* wa mwanamuziki wa Marekani Paul Simon, na kipande hicho kifupi kiliwafikia wasikilizaji wa dunia nzima. Wengi wao hawakujua kwamba sauti ile ilitoka katika mitaa ya Johannesburg ya miaka ya 1950.

Katika historia ya ala, Mashiyane anatajwa kama mfano wa mambo mawili. La kwanza ni kwamba filimbi ya bati, ingawa huchukuliwa kuwa ya watoto na ya wanaoanza, inaweza kubeba muziki kamili ikiwa mpigaji ataitafutia namna yake ya kuipuliza. Hadi leo wanaojifunza kwela huanza kwa kusikiliza santuri zake na kurudia vipande vyake polepole kwa sikio, kama yeye alivyojifunza kwa kusikiliza wengine. La pili linahusu haki za msanii. Wenzake wengi waliopiga vizuri kama yeye walimaliza maisha bila kupata chochote kutokana na mauzo ya kazi zao, na majina yao hayamo katika hati za umiliki wa nyimbo walizozitunga. Mkataba wa mwaka 1958 unamtenga Mashiyane na wenzake hao, na kila mara suala la malipo ya wanamuziki wa Afrika Kusini linapojadiliwa, mkataba huo hutajwa pamoja na kisa cha *Tom Hark*.